Rangi Haitibu Koga: Landlodi, Tengeneza Nyumba



Kabla hujaendelea na shughuli zako, hebu vuta lile kabati ulilolisukuma ukutani uangalie nyuma yake. Kisha inama uchungulie uvungu wa kitanda wanacholala watoto, pale ukuta unapokutana na sakafu. Ukiona madoa meusi au ya kijani, au unga mweupe kama chumvi unaopukutika ukiugusa, maneno haya ni yako. Usipoona kitu, alhamdulillah, lakini usipite. Huenda wewe ndiye mwenye ploti.

Mwezi wa tano, masika yakiwa yamekolea, tulikuwa tukizunguka Majengo na Kisauni kwa kazi nyingine kabisa. Tulikuwa tukiandikisha vijana wanaozungushwa kupata vitambulisho. Lakini karibu kila nyumba tuliyoingia, mazungumzo ya kitambulisho yalikatwa na kikohozi. Mtoto anakohoa, nyanya anakohoa, mama anapangusa macho yanayowasha. Na ile harufu, mliokulia Pwani mnaijua, harufu ya nguo iliyofungiwa kabatini kabla haijakauka.

Mama mmoja alitushushia msahafu kutoka kwenye rafu. Jalada lilikuwa limeota koga. Anaupangusa kila Ijumaa, alituambia, na Ijumaa inayofuata koga imerudi. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa amepelekwa hospitali mara tatu tangu mwaka uanze. Kifua kinambana usiku, anavutishwa dawa kwa mashine, anapata nafuu, anarudishwa nyumbani kwenye chumba kile kile na kitanda kile kile. Mama alipomlalamikia landlodi, alijibiwa mambo mawili. Kwanza, mtoto wake ni dhaifu. Pili, awe anafungua dirisha. Sasa chumba chenyewe kina dirisha moja, na hilo dirisha linaangalia ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa.

Majirani nao walikuwa na lao. Kuna aliyesema mtoto amepatwa na kijicho. Mimi sisemi msimsomee mtoto, msomeeni, kuna kheri. Lakini kisomo hakizibi bomba linalovuja chumba cha juu.

Tuelewane kwanza hiki kitu ni nini. Koga, wengine mnaita kuvu, wengine ukungu, ni kiumbe hai. Mbegu zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, na ziko hewani kila mahali, hata kwa tajiri wa Nyali. Kinachozikosesha nafasi kwa tajiri ni ukavu. Zikipata ukuta uliolowa, zinaota, zinamwaga mbegu nyingine hewani, na hizo ndizo mtoto anazozivuta usiku kucha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009. Limesema wazi kwamba wanaoishi kwenye nyumba kama hizi wako kwenye hatari zaidi ya pumu, maradhi ya njia ya hewa, kikohozi na kifua kutoa mluzi. Watoto wadogo, wazee na wenye pumu tayari ndio wanaoumia zaidi.

Na hili nalitia hapa hapa lisije likapotea: kikohozi kikizidi wiki mbili usikae ukilaumu koga peke yake, nenda ukapimwe kifua kikuu. Dawa zake hospitali za serikali ni bure. TB nayo inasambaa kwa urahisi kwenye vyumba hivi hivi visivyopitisha hewa.

Sasa landlodi wetu ana dawa yake ya koga. Dawa hiyo ni rangi. Mpangaji anahama, fundi anaitwa, anapiga mkono mmoja wa rangi nyeupe ya bei rahisi juu ya madoa bila hata kukwangua. Mpangaji mpya anakuja kuangalia chumba Januari, jua linawaka, anakiona kinang'aa, anatoa dipoziti. Masika yakifika rangi inavimba kama malengelenge, inabanduka, na koga ile ile inatokeza. Akilalamika anaambiwa, "Wewe ulipoingia nyumba ilikuwa safi." Si ameona mwenyewe!

Mnakumbuka kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) sokoni, alipopitia rundo la nafaka akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka vimelowa? Juu kukavu, chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, na akajitenga na mwenye kudanganya. Kisa hiki tumekisikia kwenye hotuba za Ijumaa tangu tukiwa wadogo. Kila mwenye nyumba anayepaka rangi juu ya ukuta uliolowa kisha akachukua dipoziti ajiulize yeye ni nani katika kisa hicho.

Msidhani haya ni ya Majengo na Kisauni tu. Majibu haya haya mawili, la rangi na lile la "nyinyi ndio mnaishi vibaya", yamemuua mtoto wa Kiislamu Uingereza. Anaitwa Awaab Ishak. Wazazi wake walitoka Sudan wakaishi Rochdale, mji ulio karibu na Manchester, kwenye fleti ya chumba kimoja cha kulala ya shirika la nyumba za kijamii. Baba yake alilalamika kuhusu koga mwaka 2017, kabla mtoto hajazaliwa. Akaambiwa apake rangi juu yake. Awaab alizaliwa Desemba 2018. Alikufa Desemba 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Novemba 2022 afisa wa mahakama anayechunguza vifo akatoa uamuzi kwamba kilichomuua ni maradhi makali ya njia ya hewa, yaliyotokana na kuvuta koga ya nyumba ile kwa muda mrefu.

Na je, shirika lile lilikuwa limejiambia nini miaka yote hiyo? Kwamba tatizo ni mtindo wa maisha wa familia. Waliwadhania mambo kuhusu namna wanavyooga, habari za ndoo, habari za kuoga kwa ajili ya ibada. Yaani tohara ya Muislamu ndiyo ikawa sababu ya ukuta kuoza! Baadaye walikiri kwamba walikosea kudhania hivyo, na mkurugenzi wao akaachishwa kazi, lakini mtoto alikuwa kaburini.

Wale wazazi hawakunyamaza. Walisimama mbele ya dunia na picha ya mtoto wao, gazeti la Manchester likawaunga mkono, na mwaka 2023 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ambayo watu wanaiita Sheria ya Awaab. Tangu Oktoba 2025, nyumba za kijamii za England zikiwa na hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24, na koga kubwa lazima ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Wahamiaji wawili kutoka Sudan wamewaletea haki wapangaji wa nchi ile, Waislamu kwa wasiokuwa Waislamu.

Sisi tuko kwetu, tuna kura, na bado tunaogopa kumpigia simu keateka.

Najua majibu yatakayoandikwa chini ya post hii, nimeshayasikia barazani. La kwanza ni "hiyo ni hewa ya Pwani, unataka nifanye nini?" Ni kweli hewa yetu imejaa maji mwaka mzima, hata kiatu cha ngozi ukikiacha kabatini kinaota koga. Lakini nenda Mji wa Kale uangalie nyumba za wazee waliojenga kabla ya simiti kuingia. Kuta nene za mawe ya matumbawe, plasta ya chokaa inayoacha ukuta upumue, dari juu, madirisha yanayotazamana upepo upite, ua wa katikati. Walijenga kwenye hewa hii hii. Kisha tukaja sisi tukazipiga plasta ya simiti na rangi ya mafuta, maji yakafungiwa ndani ya jiwe, sasa tunashangaa ukuta unatoa jasho. Na hizi ploti mpya ndizo balaa. Tofali zimefyatuliwa kwa mchanga wa chumvi, msingi haukuwekwa ile karatasi ya kuzuia maji ya ardhini, chumba kimebanwa kuongeza idadi ya milango, shimo la choo limechimbwa ubavuni mwa ukuta. Hewa ya Pwani haikuchimba shimo lile.

Jibu la pili ni "wapangaji wanapika ndani na kuanika nguo ndani." Hapa niseme haki, kuna ukweli. Sufuria ikichemka na nguo za watu watano zikianikwa chumbani, maji yale yanakwenda ukutani. Kama kuna kamba nje, anika nje. Pikia karibu na mlango ukiwa wazi, na jiko la makaa usiliingize ndani kabisa, moshi wake unaua. Sogeza kabati na godoro kutoka ukutani upana wa kiganja, hewa ipite. Lakini mpangaji anayeanika ndani, mara nyingi ni kwa sababu ploti haina ua. Ua umeongezwa vyumba viwili.

Kuna njia rahisi ya kumaliza ubishi huu bila kelele. Chukua kipande cha plastiki kinachoonyesha, ukubwa wa karatasi ya kuandikia, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Maji yakikaa upande wa chumbani, unyevu unatoka kwenye hewa ya chumba. Yakikaa nyuma ya plastiki, upande wa ukuta, basi maji yanatoka ukutani kwenyewe na hakuna dirisha litakaloyatoa. Angalia pia doa liko wapi. Likianzia sakafuni likapanda mpaka usawa wa goti na unga wa chumvi, ni maji ya ardhini. Likiwa kwenye dari na linakua kila ikinyesha, ni slabu au bati. Likiwa ukuta wa bafu la jirani na halikauki hata kiangazi, ni bomba. Piga picha, weka tarehe.

Kuhusu jiki: inafuta weusi, lakini ukuta ukibaki umelowa koga itarudi. Ukiitumia, fungua mlango, watoto wawe nje, na USIICHANGANYE na dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu.

Sasa nizungumze na wenye nyumba, na nitazungumza kama ndugu. Wengi wenu mnaotukodishia ni Waislamu. Tunawajua, mnakaa safu ya kwanza, mnatoa futari Ramadhani, Mungu awalipe. Lakini muulizeni sheikh yeyote mnayemwamini kuhusu ijara. Kodi ni badali ya manufaa ya kukaa. Ikitokea aibu kwenye nyumba inayopunguza manufaa hayo, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba, na kumfichia aibu hiyo ni udanganyifu. Kama sadaka ya tende inatoka kwenye kodi ya chumba kinachomnyima mtoto pumzi, jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Na wasimamizi wa nyumba za wakfu nao wasijifiche. Mtu aliiweka nyumba ile wakfu apate thawabu kaburini. Paa linavuja miaka nenda miaka rudi na kodi inakusanywa kila mwezi. Thawabu hiyo mnaipeleka wapi?

Tukija kwenye serikali, hapa ndipo watu wengi hawajui haki yao, na wanaojua wananyamaza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya na haki ya makao ya kutosha. Sheria ya Afya ya Umma, Cap 242, ina sehemu ya 118 inayotaja nyumba ambayo kwa ujenzi wake au hali yake ni hatari kwa afya. Nyumba hiyo kisheria ni kero, na afisa wa afya ana mamlaka ya kuandika notisi iondolewe kwa muda maalum. Soma sehemu ya 119 mpaka mwisho. Kasoro ikiwa ni ya ujenzi wenyewe, notisi inakwenda kwa MWENYE NYUMBA. Yaani sheria iliyoachwa na mkoloni inajua kwamba ukuta mbovu ni wa mwenye ukuta, na landlodi wa leo anamwambia mama afungue dirisha.

Huduma za afya ziko chini ya kaunti. Maafisa wa afya ya umma wapo, tunawaona kwenye mahoteli na kwenye vibanda vya chapati wakidai vyeti. Mama muntu akikosa cheti cha chakula wanamfikia siku hiyo hiyo. Tunawauliza kwa heshima: mara ya mwisho mmeingia ploti ya kupangisha Majengo kuangalia kuta ilikuwa lini? Notisi ngapi mmeandika mwaka huu?

Kuna wanaosema nenda Mahakama ya Kodi za Nyumba. Sawa, lakini mjue sheria yake inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kikomo hicho ni cha zamani, na wengi wetu tunalipa zaidi ya hapo kwa chumba kimoja kinachovuja. Ukilipa chini ya hapo nenda, ni haki yako. Ukilipa zaidi, njia yako ni afisa wa afya.

Halafu kila mwezi mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na mwajiri anaongeza 1.5 nyingine, tujengewe nyumba za bei nafuu. Hatupingi watu kujengewa. Lakini hizi tunazokaa sasa hivi nani anazikagua? Ama mtoto wa Kisauni asubiri kupumua mpaka fleti ziishe kujengwa?

Najua kinachowanyamazisha wengi. "Nikilalamika nitafukuzwa." Hofu hiyo ni ya kweli, tumeona mtu amelalamika Jumatatu, mwisho wa mwezi ameambiwa chumba kinataka ukarabati, na ukarabati wenyewe ulikuwa, mmeshajua, rangi. Ndiyo maana tunasema usiende peke yako. Ploti ina milango kumi na miwili. Landlodi anaweza kumfukuza mmoja. Kuwafukuza kumi na wawili masika, akakaa na vyumba vitupu vinavyonuka, hilo atalifikiria mara mbili.

Kwa hivyo wiki hii fanyeni hivi. Kaeni wapangaji wa ploti moja, wanawake wawepo kwa sababu wao ndio wanaokaa na koga mchana kutwa. Andikeni barua moja kwa mwenye nyumba, kwa Kiswahili hiki hiki chetu, hahitajiki wakili. Semeni chumba gani, ukuta gani, tangu lini, nani anaumwa, na mnataka kitengenezwe nini: bomba, slabu, mtaro, plasta. Mpeni siku 14. Wekeni sahihi wote. Kama mna karatasi za hospitali, tieni nakala, za asili mbaki nazo. Siku 14 zikipita kimya, barua ya pili iende kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yenu, mkitaja Cap 242 sehemu ya 118 na 119, mkiomba ukaguzi na notisi.

Wakati huo huo sisi tunaiandikia kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tukitaka idadi ya nyumba za kupangisha zilizokaguliwa na notisi zilizotolewa, wadi kwa wadi. Sheria inawapa siku 21 kujibu. Wakikaa kimya tutakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, na majibu yoyote tutakayopata tutayaweka hapa kama yalivyo.

Kila barua mpeleke nakala mbili. Moja wabaki nayo, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani. Barua isiyo na mhuri kesho wataapa hawakuiona. Karani akikataa kugonga, msigombane naye. Andikeni jina lake, tarehe na saa, pigeni picha ya mlango wa ofisi, kisha mtutumie kwa inboksi. Siku ya pili tutakwenda pamoja na nyinyi.